Barafu Chini ya Kitanda

Katika ushirika wa Warundi wa Alby, huko ughaibuni, hakuna mwanamke aliyekuwa na ameni kubwa kama ya Xavérine. Mwezi uliopita, Mchungaji Method alipoikemea Halloween kuwa sikukuu ya mashetani, ameni yake ilisikika hadi kwenye ngazi za jengo. Sasa mtu wa namna hiyo afanye nini anapopigiwa simu Jumamosi saa saba mchana, anaambiwa maombi yamehamia kwake saa tisa, na huku kwenye roshani yake kuna kilo kumi na mbili za barafu ya kutengenezea moshi wa mizimu?

Barafu ilikuwa ya Natacha, binti yake wa miaka kumi na moja. Wanafunzi wenzake wangekuja jioni hiyo, na Natacha alikuwa ameomba, amelia, amenuna wiki nzima, mpaka baba yake akashindwa. Herménégilde anapakia dawa kwenye kiwanda kimoja huko Södertälje, na dawa zenyewe husafirishwa ndani ya barafu hiyo hiyo kavu, ile isiyogeuka maji bali moshi. Aliinunua asubuhi, akaiacha roshani ndani ya boksi lake, kisha akamkalisha mkewe chini kama mwanafunzi kabla ya kwenda zamu.

"Usiishike bila glovu, itakuunguza kama moto. Usiitie kwenye kitu kinachobana, italipuka. Na ule moshi, Mama Natacha, unapendeza lakini hauna pumzi ndani yake. Unashuka chini, unatambaa sakafuni. Iache hapa nje. Ikibidi kuingia ndani, dirisha liwe wazi muda wote, na mtoto asikae chini."

Xavérine alimrudishia yote bila kukosea. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalouma katika kisa hiki.

Angeweza kuwaambia wageni ukweli: mtoto ana sherehe, karibuni, tuombe. Lakini mwaka jana yeye mwenyewe, kama kiongozi wa akina mama, alimsema Concessa mbele ya watu kwa kuwaacha wanawe watoke na vinyago usoni, mpaka Concessa akalia. Na leo Concessa alikuwa anakuja, na mlango wa roshani ni wa kioo kitupu. Boksi lile jeupe, limeandikwa onyo kwa herufi nyekundu, lingekaa pale kama mgeni rasmi.

Basi Xavérine akabandua mafuvu ya karatasi mlangoni. Boksi lilikataa kuingia chini ya kitanda cha Natacha, kwa hiyo akavaa glovu, akaimimina barafu kwenye beseni la kufulia, akaifunika kwa kitenge na kulisukuma beseni mpaka ukutani. Boksi tupu akalitia kwenye mfuko mweusi wa taka. Dirisha la chumba akalifungua wazi kabisa, upepo wa Oktoba ukapiga mapazia. Natacha alikuwa kwa rafiki yake, ghorofa ya chini, wakikata popo wa karatasi. Kila kitu kilikuwa sawa.

Wageni walifika saa tisa kamili, jambo ambalo Warundi hulifanya kwa maombi tu. Xavérine alikuwa jikoni akimimina chai ya maziwa kwenye chupa wakati Josephine, mama wa Noah, alipopita na mtoto wake wa miezi saba begani. Hakuuliza amlaze wapi. Nyumba zote za ushirika zina desturi moja: watoto wa wageni hulala chumba cha watoto, kwenye godoro linalotandikwa sakafuni wasije wakaanguka. Godoro la kwa Xavérine lilisimama daima nyuma ya mlango wa Natacha, na kila mama alijua.

Xavérine alipotoka jikoni, wimbo ulikuwa umekwisha na watu wamepiga magoti, wakishikana mikono. Aliona Josephine hayupo, akageuka kuutazama mlango wa chumba cha Natacha. Kisha akajituliza: dirisha liko wazi. Akapiga magoti karibu na Concessa.

Ndipo akasikia, kupitia ukuta, dirisha la Natacha likilia. Lile dirisha lina bawaba mbovu. Hulia mara moja likivutwa na mara ya pili kitasa kikizungushwa. Lililia mara mbili. Mama yeyote angelifunga. Baridi ile, mtoto mwenye kifua!

Josephine akarudi kwa kunyata, akapiga magoti upande wake wa pili, akaushika mkono wake. Kiganja chake bado kilikuwa na ubaridi wa kitasa.

Inuka, Xavérine akajiambia. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na mbili. Lakini ukiinuka katikati ya maombi, macho yote yatakufuata, na Josephine atakuja nyuma yako kuuliza kuna nini, na utalivuta beseni mbele yake. Ameni iko karibu. Mchungaji ameshaombea wagonjwa.

Mchungaji akaombea Burundi. Akaombea waliokataliwa vibali, mmoja mmoja kwa jina. Xavérine alihesabu pumzi zake mwenyewe, na kila alipofika kumi alijiambia: ameni hii ijayo. Barafu ni kidogo, chumba kinatosha, kitenge kimefunika. Alijua anajidanganya. Alijua kitenge hakizuii moshi, alijua godoro liko sakafuni, alijua kila neno la mumewe.

"Na watoto wetu, Bwana," Mchungaji akapaza sauti, "uwalinde na sikukuu hii ya mashetani inayoingia majumbani mwetu!"

"Ameni," akasema Concessa, taratibu, na Xavérine akahisi kama vidole vyake vimefinywa. Angeinukaje sasa? Kando yake Josephine alikuwa akitabasamu huku amefumba macho, akanong'ona, "Noah leo katulia. Hata hakohoi."

Hapo Xavérine akajichomoa mikononi mwao na kukimbia. Saa ilikuwa kumi na dakika kumi.

Ukungu mwembamba ulikuwa umelala chini ya kitanda na juu ya godoro. Midomo ya Noah ilikuwa na rangi ya majivu. Alimnyakua, akapita naye katikati ya watu mpaka roshani, na nyuma yake Josephine akapiga ukelele, "Mana yanje! Mungu wangu!" na hakuacha mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitalini Xavérine alimweleza daktari kila kitu kuhusu barafu, kwa Kiswidi, kwa sauti, huku Mchungaji na Concessa wamesimama pale. Alingoja mbingu zimwangukie. Mchungaji alimtazama kwa mshangao.

"Barafu tu, Mama Natacha? Mlangoni kwangu kuna maboga mawili ya Halloween, yamechongwa meno. Watoto wa huku tutawafanyaje?"

Concessa akamfuta machozi kwa shali yake mwenyewe. Aibu yote ile, aliyoifunika kwa kitenge, haikuwa na uzito wa hata punje moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua; yeye hakuwa hata na maradhi ya kuficha.

Noah hakufa. Anapumua. Lakini macho yake hayafuati mwanga wala kidole cha mama yake, na madaktari wanasema tusubiri. Josephine amehudumia wazee huko Husby miaka tisa, na anaijua hiyo tusubiri.

Jumapili ya tatu baada ya hapo Josephine alisimama kanisani. Amekonda mpaka gauni linampwaya. "Ni mimi niliyefunga dirisha," alisema. "Mikono yangu mwenyewe. Naomba Mungu anisamehe, mimi siwezi kujisamehe." Watu wakalia.

Mchungaji akasema: "Lakini Roho alimwinua dada yetu katikati ya maombi, bila mtu kumwambia. Bila hivyo tungezika. Mama Natacha, njoo utoe ushuhuda."

Hakuna aliyejua kwamba Xavérine alilisikia dirisha likifungwa. Hakumwambia Herménégilde, wala polisi aliyekuja kuandika maelezo. Dakika ishirini na mbili. Ilikuwa zamu yake kusema, na maneno yenyewe yalikuwa machache: Si wewe, Josephine. Nilisikia. Nilikushika mkono na nikanyamaza.

Akashika kipaza sauti. "Bwana asifiwe."

"Ameni."

Josephine alikuwa kiti cha mbele, amemkazia macho. Akinyang'anywa faraja ya ushuhuda huu, Josephine angebaki na nini? Hivyo ndivyo Xavérine alivyojiuliza, na papo hapo akajua kwamba hamhurumii Josephine. Anaogopa, basi, kama siku ile, macho yale yale ya watu.

"Roho alinigusa," akasema. "Aliniambia, inuka."

Kanisa likatetemeka kwa ameni. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Josephine.