Kipande cha Chupa ya Kijani

Baba yangu ni fundi wa terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe inayosagwa mpaka ing'ae. Kwetu hakuna ofisi ya maana ambayo hajapiga magoti ndani yake. Na kila kazi yake ina alama: pale anapoanzia, kwenye kona, hupachika kipande cha chupa ya kijani, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wengine wana sahihi, yeye ana chupa.

Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Ujanani, kabla hajaoa, alivuka mipaka kutafuta kibarua, na huko, alisema, akazitia terazo ngazi za jengo kubwa la reli katika mji mkuu wa watu. Tumekua tukizisikia ngazi hizo. Mtu akilalamika goti, baba anazikumbuka. Mvua ikinyesha, anazikumbuka. Baba mdogo, ambaye ulimi wake hauna breki, akambandika jina la Mzee Ngazi. Tulicheka sote, na baba pia alicheka.

Mpaka siku wakwe wa dada walipokuja kujitambulisha. Baba mdogo akasema mbele yao kwamba kaka yake huko ugenini alibeba ndoo za kokoto tu, ngazi alizipanda ndotoni. Wakwe wakacheka. Baba akainamia sahani yake. Tangu siku hiyo hajazitaja tena, na mimi tangu siku hiyo nina deni la hasira na baba mdogo.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma nje, nikagundua kwamba nchi ile ya ngazi ni jirani wa nchi ninayosoma, safari moja tu ya basi, sikuhitaji kubembelezwa. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika, nikamwambia mwenzangu wa chumbani twende. Huyu tunamwita Mapozi, maana hapiti mbele ya kioo bila kusalimiana nacho. Yeye alitaka maduka na picha. Nikamwambia atavipata vyote, ila kwanza ngazi. Akauliza ngazi gani. Nikamjibu za baba. Kwamba huenda zisiwe za baba, hilo sikulisema, kwa sababu hata mimi sikutaka kulisikia.

Jengo tulilikuta limesimama, siku hizi ni maktaba. Na ngazi zilikuwepo: pana, nyeusi kwa nyeupe, zikipanda mpaka chini ya dirisha kubwa, kisha zikigeuka kuendelea juu. Baba alisema alama iko kipandio cha kwanza, kona ya ukutani. Nikapiga magoti hapo hapo, watu wakipita.

Hamna kitu. Nikapangusa kwa kitambaa cha kichwani, nikawasha tochi ya simu. Hamna. Bawabu akaja kuuliza nimepoteza nini. Kwa aibu nikasema hereni, naye, mtu wa watu, akainama kunisaidia kutafuta hereni ambayo haijawahi kuwepo. Mwishowe Mapozi akasema taratibu kwamba ngazi ni nzuri hata hivyo, na kwamba kubeba kokoto nayo ni kazi. Nikamkata jicho. Hasira zangu huwa hazikai mbali, na siku hiyo zilikuwa mlangoni kabisa. Nikapanda juu peke yangu, nikaketi kwenye kipandio cha mwisho, kando ya ukuta, ili nisilie mbele ya bawabu.

Nikawa nawaza nitamwambia nini baba. Nimdanganye? Nimwambie jengo limebomolewa? Nikamwona alivyokuwa zamani, akitia terazo ngazi za shule yetu: anaanza juu kabisa, anateremka kinyumenyume, makalio yametangulia, akimfokea kila anayesogea asimkanyagie kazi mbichi. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza uani mpaka mbavu zinauma. Fundi wa ngazi hapandi na kazi yake, anashuka nayo. Kipandio chake cha kwanza ndicho cha juu.

Nilikuwa nimekikalia.

Nikavuta sketi. Kwenye kona ya ukutani, kimekaa sawasawa na mawe mengine, kulikuwa na kipande cha kijani. Nikakigusa, na machozi niliyoyakimbiza kule chini yakanikuta hapo hapo, ila sasa yalikuwa ya fahari tupu. Mapozi alipanda mbio akidhani nimeumia. Alipokiona hakutoa simu. Alivua viatu. Bawabu naye akasogea, akauliza kama hereni imepatikana.

"Hapana," nikamwambia. "Huyu ni baba yangu."

Nikapiga simu nyumbani. Baba alipopokea, nyuma yake nilisikia sauti ya baba mdogo, ambaye Jumamosi hakosi kula kwetu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kumziba mtu mdomo. Yote ikayeyuka.

"Baba, niko kwenye ngazi zako. Chupa nimeiona."

Akauliza, "Zimepasuka?"

"Wapi, baba?"

"Pale zinapogeuka, chini ya dirisha. Saruji ya siku ile sikuiamini. Naiwaza miaka yote hii."

Sisi tulikuwa tukibishana kama ngazi ni zake, kumbe mwenzetu alikuwa na wasiwasi na hali ya ngazi zenyewe. Nikashuka simu ikiwa sikioni, Mapozi nyuma yangu na viatu mkononi, bawabu nyuma yake. Nikapiga magoti chini ya dirisha, nikapitisha kiganja kutoka ukuta hadi ukingo, nikarudia tena polepole.

"Hazijapasuka, baba. Hata unywele haupiti."

Nilimsikia akishusha pumzi. Kisha akaitoa simu mdomoni akamgeukia ndugu yake, wala hakupandisha sauti.

"Ngazi zangu hazijapasuka," alimwambia. "Mwanangu amesimama juu yake sasa hivi."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikasimama. Watu walikuwa wakipanda na kushuka na vitabu vyao, nami nikabaki pale pale katikati, wakanizunguka.