Simu Iliyosema Spika Iko Kwetu

Spika ya kwaya ilipotea siku tuliyorudi kutoka Chidya. Tulikwenda kuimba kwenye ibada ya kipaimara, tukarudi Makote kwa Fuso ya kukodi jua likizama, kila mtu akashuka na mzigo wake akakimbilia kwao. Spika haikuwa mzigo wa mtu. Alhamisi, tulipokusanyika kanisani kwa mazoezi, ndipo ilipoulizwa iko wapi.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma la sauti ya pili, mahali pangu pa siku zote. Simu yangu ndiyo yenye biti za nyimbo zetu, kwa hiyo mimi ndiye ninayeiunganisha na spika kwa bluetooth. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu haihitaji kusemasema na watu. Mwalimu Cuthbert, katibu wa kwaya, akaniambia nimpe simu tujaribu kuimba kwa sauti yake hiyo ndogo. Nikampelekea. Akaitazama, kisha akainua uso.

"Ethel, hii nini?"

Kwenye kioo paliandikwa jina la spika yetu, na chini yake: Imeunganishwa.

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui. Simu inajua, wewe mwenye simu hujui." Akaigeuza ili wote waione. "Someni wenyewe. Bluetooth haifiki mbali, jamani. Ikisema imeunganishwa, spika iko hapa karibu, na inawaka. Sasa hapa karibu pana nyumba ya nani?"

Nyumba yetu iko nyuma ya kanisa. Kati yake na kanisa pana mihogo tu.

"Labda iko kwenye mkoba wake," alisema kijana mmoja wa besi, watu wakacheka. Wakaufungua mkoba. Wakakuta kanga, kitabu cha nyimbo na chupa ya maji. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Mwalimu, mimi sikuichukua," nikasema, lakini nilisema nikitazama sakafu, na sauti ikaishia sakafuni. Ndivyo nilivyo. Hata shuleni, kabla sijaacha darasa la tano mama alipougua, nilikuwa najibu maswali nikitazama vidole vya miguu. Mtu anayetazama chini, watu hawangoji ushahidi.

"Simu haidanganyi," akasema Mwalimu Cuthbert. "Kamati itatafuta. Na Jumapili, kwenye matangazo, jina litasomwa. Sare utarudisha."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Kwetu jina likisomwa kanisani kwa wizi, halibaki kanisani. Linakwenda na wanawake kwenye foleni ya maji, linapanda bodaboda hadi soko la Newala, linafika hata kwa watu ambao bado hawajaja kukuposa. Na ukishaitwa mwizi wa kanisa, utamwambia nani kwamba ilikuwa simu?

Wakatoka kwenda kwetu. Mwalimu Cuthbert mbele, ameiweka simu yangu juu ya kiganja kama mtu aliyebeba yai. Nyuma yake Mzee Erasto, mzee wa kanisa, kisha kwaya nzima. Mama alikuwa uani anapepeta unga wa mhogo.

"Shikamoo, Mama Ethel," Mwalimu akamwamkia vizuri kabisa, na akaingia chumbani kwa mama bila kungoja marahaba.

Jikoni simu ikasema imeunganishwa. Chini ya kitanda ikasema imeunganishwa. Kwenye banda la kuku ikasema hivyo hivyo, na kila mahali Mwalimu alikuwa anasema, "Ipo hapa, ipo hapa," huku kuku wanamrukia usoni.

"Baba Gift," mama akamwuliza Mwalimu, ungo bado uko mikononi, "unatafuta spika au unapiga ramli? Mbona mganga akitembea na kioo chake mnamtenga?"

"Mama Ethel, hii ni teknolojia."

"Naona. Imekujaza manyoya."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomtia hasira. Akalitazama pipa letu. Bomba la mtaani lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita, na maji yale tuliyanunua kwa muuza maji wa mkokoteni. Mama alikuwa akiyapima kwa kikombe, ya kunywa, ya kupikia, na uso tulinawa kwa yaliyobaki.

"Vitu huviringishwa kwenye nailoni vikazamishwa," akasema Mwalimu. "Inueni."

"Baba Gift, hayo ni maji!" mama akapiga kelele.

Hawakusikia. Mzee Erasto na vijana wawili wa besi wakaliinamisha pipa. Maji yakatoka kwa kishindo, yakasambaa kwenye mchanga mwekundu, na mchanga ukayanywa yote hata kabla mama hajafika na ndoo. Chini ya pipa palikuwa na kutu.

Simu, kiganjani mwa Mwalimu, ikaendelea kusema imeunganishwa.

Sijui niseme nini juu ya kilichonipata. Mama alikuwa amechuchumaa anakusanya kwa kikombe tope lililobaki, na hakuna hata mmoja aliyesema pole. Nilikwenda nikaichukua simu yangu mkononi mwa mwalimu wa shule, mtu mzima, katibu.

"Twende kwako," nikamwambia.

"Kwangu kufanya nini?"

"Kutafuta spika."

Nikaanza kutembea. Nyumba yake iko mbali, upande wa pili wa mashamba ya korosho, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natangulia mbele ya watu. Tulipofika kwenye mikorosho nikaisoma simu kwa sauti: "Imeunganishwa." Tulipofika dukani nikasoma: "Imeunganishwa." Kwenye mashine ya kusaga, kijana yule yule wa besi akaniuliza kwa sauti nene, "Na hapa, Ethel?" Nikainua simu, na kabla sijafungua mdomo nusu ya kwaya ikajibu, "Imeunganishwa!" Toka hapo ikawa hivyo njia nzima, besi wanauliza, sauti ya kwanza na ya pili tunajibu. Mwalimu Cuthbert alikuwa nyuma kabisa, anafuta uso kwa leso.

Mama Gift, mke wake, alikuwa anaosha vyombo.

"Shikamoo, Mama Gift."

"Marahaba, Ethel. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Spika ya kanisa iko hapa kwenu. Simu imesema."

"Spika gani tena? Baba Gift, spika gani?"

"Tenki lenu la maji liko wapi?"

Mama Gift akaacha vyombo, akasimama mbele ya tenki na mikono ameitanua. "Atakayegusa maji haya tutazikana leo!"

"Umesikia, Mwalimu?" nikamwuliza. "Mkeo anajua maji ni nini."

Sikulimwaga tenki. Mama Gift hakunikosea. Mwalimu akasogea, sasa kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe.

"Basi, Ethel. Inaonekana simu ina hitilafu. Lete niirekebishe, hilo neno liondoke, tuyamalize."

Akanyoosha mkono. Nikaichomeka simu kifuani, ndani ya blauzi.

"Haliondoki," nikasema.

Jumamosi asubuhi Mzee Erasto alikuja kwetu na madumu ya maji yaliyofungwa kwenye baiskeli. Aliyamimina kwenye pipa bila kumtazama mama, akanywa uji aliopewa, akaondoka. Mwalimu hakuja wala hakutuma mtu. Nami nikaenda Newala mjini, kwa Tahiri, fundi simu mwenye kibanda ubavuni mwa soko, kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani kilichotuingilia nyumbani.

Tahiri akazima bluetooth, akaiwasha. Neno likabaki pale pale. Akafungua wimbo wa kwaya, mistari ikawa inacheza kwenye kioo lakini simu ikawa kimya.

"Unaona? Inaiimbia spika ambayo haipo," akasema. "Spika yenu ilizimika ghafla, labda chaji iliisha, labda iliangukia huko njiani. Simu haikupata habari. Imeganda kwenye hali ya zamani. Hata kama spika imekanyagwa na lori kule Masasi, hapa itakuandikia imeunganishwa."

"Inaponaje?"

"Kwanza unazima simu yote na kuiwasha. Ikikataa, unaingia hapa, unabonyeza jina la spika, unachagua Sahau. Jina linafutika, uongo unakwisha." Kidole chake kilikuwa tayari kinashuka.

"Usibonyeze!" Nikamshika mkono, mimi ambaye hata salamu huwa naitoa kwa kunong'ona.

"Dada, watu hunililia niwatengenezee. Wewe unalia nisitengeneze?"

"Nitatengeneza mwenyewe. Kesho, watu wakiona."

Akanitazama kidogo, kisha akachukua simu yake mwenyewe akanionyesha njia tena taratibu, mpaka vidole vyangu vikaizoea.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa sababu habari zilikuwa zimeshatembea. Nilivaa sare yangu. Baada ya mahubiri, Mwalimu Cuthbert akasimama na karatasi ya matangazo. Akasoma habari za michango, za ndoa, za usafi wa makaburi. Mwisho akakohoa.

"Kuhusu spika ya kwaya. Kulitokea hali ya kutoelewana. Kamati imekaa, na kwa upendo wa Kikristo imemsamehe binti yetu Ethel. Tunaomba suala hili lisizungumzwe tena."

Watu wakasema amina. Wengine walipiga makofi! Wamenisamehe. Walinisingizia, wakapekua kitanda cha mama yangu, wakamwaga maji yake, halafu wao ndio wananisamehe, na mimi nikae nipigiwe makofi.

Nikasimama.

"Mimi sijaomba msamaha," nikasema.

Padri Silvano akageuka kwenye kiti chake. "Binti, keti. Tutazungumza baada ya ibada."

"Baba Padri, jina langu limesomwa hapa, mbele ya watu hawa. Baada ya ibada watu hawa watakuwa wameshaondoka nalo."

Nikapita katikati ya mabenchi, njia ambayo siku zote naiona ndefu, nikamkabidhi simu.

"Naomba usome, Baba."

Akavaa miwani. "Imeunganishwa," akasoma, na kipaza sauti kikalichukua neno hilo hadi nje kwa waliokaa kwenye majani.

"Spika iko hapa altareni?" nikamwuliza.

"Hapana."

Nikaichukua simu, nikafungua wimbo. Tukangoja. Kimya, mtoto mmoja tu akakohoa. Nikaingia pale Tahiri aliponionyesha, nikabonyeza jina la spika, nikachagua Sahau. Neno likaondoka. Nikafungua wimbo tena, na biti yetu ya kuingilia ikalipuka kutoka kwenye simu yenyewe, ikapitia kwenye kipaza sauti, ikajaa kanisa zima, hata besi kwenye mabenchi yao wakaanza kuyumba kabla hawajajishika. Nikauzima.

Padri Silvano akavua miwani. "Mwalimu, tangazo lile halikukaa sawa. Toa jingine."

"Baba, sikuandika jingine."

"Sema bila karatasi."

Mwalimu Cuthbert akainama kwenye kipaza sauti. "Ethel hakuhusika."

"Hakuhusika na nini?" Ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma, upande wa wanawake. Mama huwa hasemi kanisani.

Mwalimu akamtazama padri. Padri alikuwa anatazama dirishani.

"Hakuiba spika. Tulimsingizia."

"Hatujasikia huku," mama akasema.

Mwalimu akasogea karibu zaidi, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akarudia.