Aliyekula Viroboto wa Maji

Chupa za mtafiti zilikaa dirishani penye upepo, jikoni kwa kaka yake alikokuwa akiishi, maana maabara ya chuo ilikuwa na joto mno. Humo alifuga viroboto wa maji, vijidudu vidogo kama chenga za unga, ili aone wanavyojihami wakiwindwa. Wifi yake alikwishawazoea; akiingia kupika huwasalimia, "Wapangaji wangu, mmeamkaje?"

Asubuhi moja chupa kubwa ilikuwa karibu tupu. Mama mzazi wa wifi alikuwa amekuja kumtembelea bintiye, na mtafiti hakungoja hata mgeni amalize chai.

"Wifi, umemwaga sabuni humu."

"Sijagusa."

"Basi wamekufa wenyewe? Kama umechoka kukaa na mimi, sema. Usiniharibie kazi."

Wifi alimtazama mama yake, kisha akabeba beseni la vyombo akaenda kuoshea uani, manyunyu yakimlowesha.

"Hasira hasara, dada," kaka alisema taratibu.

"Mwenye hasara ni mimi."

Mtafiti aliipeleka chupa chuoni. Chini ya hadubini hakuona mizoga. Kwenye jani la gugu maji aliona mnyama mwembamba kama uzi, amejishikiza kwa mguu, mikono yake inaning'inia. Haidra. Kiroboto alipita, akagusa mkono mmoja, akatetemeka, akaganda. Mikono mingine ikamvuta polepole mpaka mdomoni. Tumboni walikwishatangulia wengine. Macho yao meusi yalionekana.

Gugu lile alilitoa bwawani yeye mwenyewe, akalitumbukiza bila kulisuuza. Uso ulimwaka, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Aliporudi nyumbani alimkuta wifi anakunja nguo.

"Haikuwa sabuni. Aliyewala nilimleta mwenyewe. Nisamehe, wifi."

"Nimesikia," wifi alisema, akaendelea kukunja.

"Mama ameshaondoka?"

"Zamani."

"Nitamwambia na yeye."

"Mwambie."

Akampigia mama simu palepale, akaeleza yote bila kujitetea.

"Mwanangu, laiti ungeniambia kabla sijaondoka. Pale mlangoni nilimwambia binti yangu aache roho mbaya. Aliapa hakuigusa chupa. Sikumwamini."

Sauti ya simu ilikuwa kubwa. Wifi alikuwa ameacha kukunja, shati la mumewe limelala mapajani. Mtafiti alinyoosha mkono kumpa simu, macho yakiwa sakafuni, na ilichukua muda kabla haijapokewa.