Hatoki Mtu Bila Kuaga

Ramani ya kuzimu niliichora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, na mashine yetu ina tabia ya kutafuna karatasi au kuzipaka michirizi ya wino, kwa hiyo kila jioni narudi nyumbani na bunda la kurasa zisizofaa tena. Ukigeuza Bonde la Mashetani utakuta cheti cha ndoa cha watu fulani, bwana harusi hana kichwa. Wachezaji wangu wanasema hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote mezani.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna ubao wala kompyuta. Mimi ni msimulizi: naeleza walipo, nani kasimama mbele yao, kunanuka nini. Wao kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Wanasema anafanya nini, na penye shaka tunarusha dadu. Tunacheza Jumamosi mchana sebuleni kwangu, mapazia yamefungwa. Sheria ni mbili. Ya kwanza, simu zote zinaingia kwenye kopo la biskuti, sauti zimezimwa, na kopo linakaa juu ya kabati. Ya pili ni yangu mwenyewe: nikishaingia kwenye sauti ya shetani, sitoki mpaka shetani huyo amalizane na wachezaji. Hata ukiniuliza choo kiko wapi nitakujibu kishetani. Nilikuwa najivunia sana sheria hii ya pili.

Shetani wangu maarufu ni Bawabu, mlinzi wa mlango wa saba. Sauti yake naitoa chini kabisa kooni. Mara ya kwanza nilipomleta, mtu aligonga mlango wa nyumba katikati ya mchezo. Tukadhani ni jirani wa chini, ambaye hana kazi nyingine ila kulalamika kelele. Nikamjibu kwa sauti ya Bawabu, "Haingii mtu, hatoki mtu!" Fundi Friji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mgongaji akaenda zake, na kisa hicho tulikuwa tukikikumbushana kila tulipokutana.

Fundi Friji anatengeneza mafriji, na mezani ana shujaa mwenye rungu ambaye suluhisho lake kwa kila kitu ni kupiga. Mchezaji wa pili ni mfamasia, tunamwita Dokta kwa sababu hapendi kuitwa Dokta. Jumamosi ninayoisimulia aliongezeka wa tatu, dada yangu.

Dada ananizidi miaka minane na hajawahi kucheza kitu, hata karata. Alikuwa anahama Jumatatu, kazi nchi nyingine, mkataba wa miaka mitatu. Alinipigia akasema, "Nataka nije kukuaga." Nikamwambia Jumamosi nina mchezo. "Basi nitacheza," akasema.

Niseme wazi, nilikuwa na kinyongo naye cha mwaka mzima. Mama yetu aliaga dunia wodini, kitanda cha dirishani, peke yake. Zamu ilikuwa ya dada, si yangu. Nesi aliniambia kwa kinywa chake kwamba dada alitoka saa tisa, na aliporudi mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Kwenye simu yangu nilikuta amenipigia mara saba. Nikajua ni za kunipa taarifa. Alikwenda wapi saa tisa? Sikumuuliza na hakunieleza. Tangu mazishi tulikuwa tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Nikajiapiza: akikiri kabla ya Jumatatu, nitamsindikiza uwanja wa ndege. Asipokiri, aende salama, mimi dada sina.

Kwa hiyo safari ile ya kuzimu niliitengeneza kwa ajili yake. Wiki tatu nilikaa nachora. Nilimrudisha Bawabu, nikamtegea dada fumbo moja tu.

Walifika mlango wa saba kama saa kumi. Niliwaeleza ukumbi mrefu, vitanda pande zote, shuka nyeupe, na watu waliolala ambao hawajui kama wamekufa. Nilieleza na harufu ya dawa ya kudeki. Dada alikuwa ameshika penseli kwa mikono miwili. Nikashusha sauti kooni.

"Hatoki mtu hapa bila kuaga."

"Nampiga," akasema Fundi.

"Subiri kwanza," akasema Dokta. "Kuaga, kasema. Si ndiyo kufa huko? Fulani ameaga. Anataka mmoja wetu afe ndipo wengine wapite."

"Basi ufe wewe, Dokta. Mimi nina watoto."

"Huna hata mchumba!"

"Mtu wangu anao, wanne. Soma karatasi."

Fumbo lilikuwa limewanasa kama nilivyotaka. Ufunguo wake ulikuwa mwepesi mno: kumgeukia mlinzi na kumwambia kwaheri. Lakini mimi sikuwa nawangoja wao. Nilimgeukia dada, bado nikiwa Bawabu, nikamwambia maneno niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Wewe ulimwacha mgonjwa kitandani, ukatoka bila kuaga. Ulikwenda wapi saa tisa?"

Dokta akanitazama vibaya. Yeye alikuja msibani. Alielewa mara moja. Dada aliweka penseli mezani.

"Nimjibu Bawabu?" akauliza.

"Mjibu," nikasema kwa sauti ileile.

"Mama alizinduka saa tisa kasoro," akasema. "Siku mbili alikuwa hasemi, siku ile akasema. Akaniambia, kaniitie mdogo wako. Nikapiga simu mara saba." Akainua macho, akatazama kopo juu ya kabati. "Leo ndiyo nimejua zilikuwa zinaita wapi. Nikamwambia mama, naenda kumleta mwenyewe, nakuaga, narudi sasa hivi. Nikambusu. Nikapanda pikipiki mpaka hapa. Nikagonga mlango huo, nikasema, ni mimi, fungua."

Fundi alikuwa ameshika dadu. Akalishusha polepole.

"Bawabu akanijibu," dada akasema. Hakuigiza sauti. Aliyasema kama mtu anayesoma kibao. "Haingii mtu, hatoki mtu. Nikagonga tena. Nikasikia watu wanacheka."

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni sauti ya Bawabu, kwa sababu sauti yangu mwenyewe niliitafuta sikuiona. "Kwa nini hukuvunja mlango?"

"Mama alikuwa peke yake. Na tangu ukiwa mdogo alikuwa ananiambia, mwache mwenzio acheze. Nikakuacha."

"Mwaka mzima hukuniambia."

"Ningekwambia ili iweje?"

Kwenye ramani, chini ya kiganja changu, mlango wa saba ulikuwa umeanza kulowa jasho. Nilikuwa nimeuchora vizuri sana ule mlango, na bawaba zake, na nilijichukia kwa kila bawaba.

"Sasa, Bawabu," dada akasema, "mimi mama nilimuaga. Sheria yako nimeitimiza. Nifungulie."

Sheria ni sheria. "Pita," nikasema.

Dokta akaniambia kwaheri kwa sauti ndogo, si ya mchezo, akasimama. Fundi, ambaye siku zote ana neno la mwisho, alisema kwaheri tu. Alishusha kopo, kila mmoja akachukua simu yake. Wakatoka. Dada alibaki mlangoni, mkoba begani.

"Na wewe, Bawabu?" akauliza. "Umeshamuaga nani?"

Alikuja kwangu kwa ajili ya neno moja, kwaheri, na lilikuwa neno langu mwenyewe, nililolitega wiki tatu. Nilifungua mdomo. Niliona aibu ya kutokwa na ile sauti ya kooni mbele yake tena, nikaufunga. Alingoja kadiri ya mtu kufunga kamba za viatu. "Jumatatu saa nne," akasema, akashuka ngazi.

Jumapili sikumpigia. Nilimwandikia ujumbe, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Samahani niliyokuwa nayo haikutosha kwenye simu, nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Jumatatu niliondoka mapema, lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, nikashuka garini na kukimbia kipande cha mwisho. Mlango wa uwanja wa ndege ni wa kioo. Alisimama hapo mlinzi, mtu mzima, macho mekundu ya zamu ndefu.

"Tiketi."

"Sina. Nimekuja kumuaga dada yangu."

"Wasindikizaji hawaingii."

"Dakika moja tu, mzee wangu."

"Kijana, haingii mtu." Hakusema kwa ubaya. Ni kazi yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nilimwona dada kupitia kioo, kwenye foleni ya ukaguzi, amevua viatu, amevishika mkononi. Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Simu yake alikuwa ameshaiweka kwenye trei pamoja na mkanda na funguo. Nikapiga tena. Trei ikaingia kwenye mashine.

Nikagonga kioo. Nikasema, "Dada, ni mimi," na sauti ilikuwa yangu. Ndani, watu wa foleni walikuwa wanacheka na mambo yao, na dada hakugeuka.