Walinzi Wasiosoma Karatasi

Kavinya aliacha shule darasa la nne, mwaka ule ng'ombe walipoisha kwa ukame, lakini alichosikia mara moja hakikumtoka. Mwezi uliopita wakili mmoja kijana alikuja kwenye baraza la chifu, pale chini ya mlima Sagalla, kuwafundisha watu haki zao. Wengine walisinzia wakingoja soda. Kavinya alihesabu kwa vidole. Polisi haingii nyumba ya mtu bila karatasi ya korti, ila kwa mambo kama matatu hivi. Kidole cha kwanza, anamkimbiza mkosaji na mkosaji amejitosa ndani. Cha pili, kuna maisha ya mtu yako hatarini. Cha tatu, ushahidi utaharibiwa kabla karatasi haijapatikana.

"Vidole viwili vilivyobaki ni vyangu," alijiambia, akapokea soda yake.

Ijumaa moja asubuhi alivihitaji vyote vitano. Kesho yake mjukuu wake Shantel alikuwa atolewe ntheo, wale mbuzi wa mahari ambao mwanamke wa Kikamba asipotolewa, hata azae watoto kumi, wazee watasema bado yuko kwao. Wazee wa kina Kitonga, upande wa mume, walikuwa njiani kutoka Kibwezi na mbuzi watatu. Na wazee hao hawafungui mdomo kabla hawajaona kibuyu cha kaluvu, ile pombe ya asali. Kavinya alikuwa ameitengeneza tangu Jumapili, asali ya mizinga yake mwenyewe, ndani ya pipa la plastiki lililofunikwa blanketi pembeni mwa sebule kama mgonjwa. Leseni hakuwa nayo. Ikimwagwa, asali nyingine ni mpaka mvua inyeshe, na mvua ya Sagalla haina adabu ya kufika kwa wakati.

Upepo ukaisaliti harufu hadi barabarani. Konstebo Wesley, kijana aliyehamishwa kutoka Kakamega wiki mbili tu zilizopita, akashuka kwenye bodaboda.

"Hodi hapa."

Tangu azaliwe Kavinya hakuwahi kuiacha hodi bila karibu. Siku hiyo neno lilifika kwenye meno akalimeza, likashuka kama ugali mkavu. Akatoka na ungo wa ndengu, akavuta mlango nyuma yake, akakaa kizingitini.

"Habari ya asubuhi, shosho. Nataka kuangalia hapo ndani kidogo. Nimenusa pombe."

"Kumbe siku hizi serikali imeajiri na pua. Karatasi ya korti iko wapi, afande?"

"Si kila wakati nahitaji karatasi."

"Hiyo ni kweli." Kavinya akainua kidole. "Unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu."

"Umesikia mtu akilia ndani anauawa?"

"Sijasikia."

"Basi viwili vimeenda."

"Kuna cha tatu," akasema konstebo, kumbe naye hakusinzia alipofundishwa. "Nikienda Voi kutafuta karatasi, wewe huku utamwaga."

Kavinya akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, umefika hapa juzi. Maji yetu yanakuja kwa bodaboda. Ya kuosha vyombo tunaoshea miguu, ya miguu tunanyweshea mchicha. Sijawahi kuona mtu wa hapa akimwaga kitu chochote chenye majimaji."

Kavinya akaomba kitambulisho chake, akakisoma herufi moja moja, akarudi mwanzo kwa sababu alisahau ya kwanza, mpaka kivuli cha paa kikasogea.

"Basi nitazunguka nichungulie dirisha la nyuma," kijana akasema akikichukua. "Kuchungulia si kuingia."

"Si kuingia," Kavinya akakubali. "Lakini huko kuna walinzi wangu, nao hawasomi karatasi."

Konstebo akacheka. Hakuwa ameona mbwa. Alichokikuta pembeni mwa nyumba, shamba linapoanzia, ni waya mrefu kutoka nguzo hadi nguzo, na visanduku vimening'inia chini ya vijipaa. Akadhani ni wa kuanika nguo. Mtoto yeyote wa Sagalla angemwambia kwamba ule ni uzio wa ndovu: ndovu akisukuma waya, mizinga yote inatikisika pamoja na wenyewe wanatoka kuuliza. Konstebo aliushika kwa mikono miwili, akautikisa vizuri, akauinua apite.

Alirudi mbele bila kofia.

"Shosho, fungua. Shosho, tafadhali."

Nyuma ya mlango kulikuwa na pipa, na siku ya Shantel. Mbele yake kulikuwa na mtoto wa mama fulani wa Kakamega akijipiga makofi mwenyewe. Kavinya akatazama kidole cha pili. Wakili hakusema maisha ya nani.

"Karibu," akasema, na neno lililokwama tangu asubuhi likatoka laini. Akamvuta ndani, Shantel akafunga mlango na kuwapulizia moshi nyuki waliomfuata. Viti vyote vilikuwa nje vikipanguswa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo kijana akakaa pa kwanza alipogusa, juu ya blanketi. Kavinya akamtoa miiba kwa ukucha, kumi na tisa. Macho yalikuwa yameumuka kama mandazi mawili, hayafunguki.

"Shosho, hiki kiti kinanguruma."

"Ni cha zamani. Hata mimi nanguruma."

"Na kina joto."

"Umekikalia, utakitaka kiwe baridi?"

Konstebo akainamisha uso kwenye blanketi. "Pua yangu haijaumwa, shosho."

Mkono wa Kavinya ukasimama. Mzaha ulimwisha ghafla, akabaki na ukweli peke yake. "Kesho mjukuu wangu anatolewa ntheo. Sikuitengeneza ya kuuza. Hakuna kikombe kitavuka lango."

Kuku alisikika nje akiparura.

"Niliingia kuokoa maisha," konstebo akasema polepole. "Sikuingia kupekua. Na siwezi kuandika nimeona, macho yangu yakiwa hivi. Wageni wanafika saa ngapi?"

"Saa sita."

"Kwetu, uvimbe wa nyuki hushuka kesho yake. Kama saa nane."

Wazee wa kina Kitonga walisimulia mpaka Kibwezi kwamba hawajawahi kuona ntheo ya haraka namna ile, wala nyanya wa bibi harusi anayewahimiza wanaume wanywe. Kufika saa nane kasorobo pipa lilikuwa limesuuzwa, na maji ya kusuuza, kwa mara ya kwanza katika historia ya boma hilo, yalikuwa yamemwagwa.

Saa nane na robo hodi ikabishwa. Konstebo alikuwa na shati la nyumbani, jicho moja limefunguka.

"Umekuja na karatasi?" Kavinya akauliza bila kuinuka.

"Nimekuja na njaa, shosho."

Kavinya akatazama vidole vyake viwili vilivyokuwa havijatumika. Akamsogezea mguu wa mbuzi.

"Karibu. Leo kuna viti."