Kucha za Wazazi

Mwalimu mstaafu alishuka kwenye ndege ya tatu akiwa hajui kama leo ni leo au bado ni jana. Wanawe walikuwa wamemkatalia katakata: mama, umri huo ukajitolee kufundisha ng'ambo, si ukae ulee wajukuu! Akawajibu kwamba chaki haijamtoka mikononi. Sasa hata jina la siku lilikuwa limemtoka kichwani.

Mwalimu mkuu, mama aliyeendesha gari huku akiongea kwa mikono yote miwili, alimpeleka kwenye chumba alichopangiwa, mkabala na shule. Njiani hakumficha kitu.

"Wazazi wanakutana kuamua kama unabaki au unarudi. Kuna fundi magari mmoja, ana watoto watatu kwetu, hataki kukusikia kabisa. Anasema wewe ni bibi, hutawaweza watoto. Mkutano wenyewe ni..."

Ni lini, mwalimu hakusikia. Usingizi ulikuwa umeshambeba. Lakini hayo ya mwanzo yalimchoma. Kurudishwa kwa wanawe kama mzigo uliokosewa anwani? Bora afe.

Chumbani alijilaza na viatu vyake, dakika tano tu. Alipozinduka, saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na nusu, na dirishani palikuwa na mwanga hafifu. Moyo ukampiga paa! Masomo yanaanza saa moja. Akanawa uso, akafunga kilemba, akavuka barabara mbiombio. Mwenye duka alikuwa akishusha mlango wa chuma, naye mwalimu akajiuliza ni duka gani hilo linalofungwa alfajiri. Hakungoja jibu.

Mlango wa darasa moja tu ulikuwa wazi, na ndani kumejaa. Ila wanafunzi wenyewe walikuwa na ndevu, vipara na mikoba, magoti yao yakigonga madawati. Mwalimu akapepesa macho. Mbona hakuambiwa kwamba atafundisha watu wazima? Haya, nchi za watu zina mambo yake. Miaka thelathini na minane ya kazi haikumzoesha kuduwaa mbele ya darasa.

"Simameni!"

Wakasimama, huku wakitazamana.

"Kaeni. Mikono juu ya dawati, nikague kucha."

Na mikono ikatoka, yote. Akapita dawati kwa dawati.

"Wewe safi. Wewe pia, mama. Wewe, pete nzuri, lakini kucha zina unga."

Dawati la nyuma kabisa alikuta vidole vinene, vyeusi kwa grisi.

"Nini hiki, baba?"

"Ni kazi ya gereji, mwalimu."

"Kazi haikatazi sabuni. Kesho nizione safi."

"Ndiyo, mwalimu."

Hapo mwalimu mkuu akaingia na daftari lake, akasimama mdomo wazi.

"Mwalimu! Si nilikwambia upumzike? Hii ni jioni. Hawa ndio wazazi, wamekuja kwenye mkutano."

Jioni. Mwalimu alilitafuta neno hilo kichwani, asilipatie mahali pa kukaa. Lilipokaa, alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaegemea meza, akaanza kuwaza sanduku lake, ambalo hata hakuwa amelifungua.

Mwalimu mkuu, kwa kukosa la kufanya, akafungua daftari.

"Basi tumalize. Asiyetaka mwalimu huyu abaki, anyooshe mkono."

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Fundi magari aliangalia vidole vyake, akamwangalia mwalimu, kisha akaificha mikono yote miwili chini ya dawati.