Somo Alilopelekewa Bibi

Kitabu cha Maarifa ya Jamii kilikuwa na mistari miwili tu kuhusu Wahindu, na Mwalimu Kokuberwa si mtu wa kukubali kipindi kibaki kitupu. Akajaziliza mwenyewe. Aliyoyaokota utotoni Bukoba, aliyoyasikia saluni Sinza akisukwa, yote akayapandisha ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: Wahindu huchoma maiti ili kukwepa gharama za kaburi. Hawakai matanga. Wakishachoma, wanarudi kufungua duka.

Darasa la sita likacheka. Brightson akaziba pua. Jinal, Mhindu pekee darasani, alikuwa dawati la mbele akinakili kila neno, na kichwa cha somo akakipigia mstari kwa rula kama walivyozoeshwa. Kokuberwa alimwona. Akajiambia kwamba mtoto hajanuna, kwa hiyo hakuna ubaya. Ndivyo watu wazima wanavyojisamehe haraka haraka, bila hata kuombwa.

Baada ya majuma kadhaa bibi yake Jinal akafariki. Pale shuleni mwanafunzi akifiwa, mwalimu wa darasa ndiye anayekwenda kuhani. Kokuberwa akajitanda kanga, akabeba rambirambi za walimu, akaenda hadi kwao Jinal, Mwananyamala, ghorofani juu ya duka la baba yake la rangi na misumari. Njia nzima alitarajia kukuta duka liko wazi. Tena alitamani iwe hivyo.

Duka lilikuwa limefungwa, na vumbi limetanda juu ya kufuli.

"Hawajafungua tangu msiba," alisema mama mmoja aliyekuwa anapanda ngazi na sufuria. Alikuwa Bi Wahiba, jirani wa nyumba ya pili, Mwarabu wa hapo hapo mtaani. "Vua viatu hapa, mwalimu. Sie majirani tunapokezana kuwaletea chakula. Leo zamu yangu, nimewapikia dengu. Matanga yao marefu kuliko yetu, hawa."

Kokuberwa akavua viatu.

Ndani watu wamevaa nguo nyeupe, wamekaa chini juu ya mashuka. Picha ya bibi ilivishwa shada la maua, na mbele yake iliwaka taa ndogo ya mafuta. Akatoa pole, akaitikiwa, akatafuta pembe ya kujificha. Hakuipata, maana baba yake Jinal alikuwa ameshasimama.

"Jamani, huyu ndiye mwalimu mwenyewe," aliwaambia wageni. "Mama alipokuwa kitandani, kila jioni alikuwa anamuuliza Jinal leo wamesoma nini. Siku moja mtoto akamwambia, mwalimu katufundisha habari zetu. Mama alilia kwa furaha. Yeye kasoma hapa hapa Dar, na hakuna mwalimu aliyewahi kututaja. Basi akawa anataka arudiwe somo lile kila jioni, mpaka siku aliyofariki." Akamgeukia Kokuberwa. "Tafadhali mwalimu, tusomee na sisi kidogo. Tulisikie kutoka kwako."

Kokuberwa alifungua mdomo, na kilichomjia ni yale yale ya ubaoni. Akaufunga. Watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, na upendo ule ulimuuma kuliko kama wangemzomea.

Ndipo Jinal akasogea, akakaa karibu na goti lake. Bila kuinua macho, akaanza kunong'ona.

Kokuberwa akamfuatisha. "Wahindu humpa mpendwa wao moto kwa heshima," alisema, kwa sauti ya mtoto wa chekechea anayekaririshwa. Akasubiri kunong'onezwa tena. "Mtoto wake wa kiume ndiye anayeuwasha. Majivu hupelekwa kwenye maji. Nyumbani watu hukaa matanga, na taa huwashwa."

Jinal akamalizia somo kama alivyokuwa akimmalizia bibi.

"Ni wenzetu," Kokuberwa akafuatisha. "Wakifiwa, na sisi twende."

Baba yake Jinal akaunganisha viganja na kumwinamia. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema ukweli, lakini angewanyang'anya wafiwa furaha ya mwisho ya mama yao. Au pengine aliogopa tu. Akaletewa chai, akainywa yote, na hiyo nayo akaionea aibu.

Alipoaga, Jinal alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamgeuzia viatu vyake vielekee nje. Kokuberwa akachutama mbele yake.

"Mwanangu, nisamehe. Nilichoandika ubaoni kilikuwa uongo."

Jinal alivitazama viatu. Hakuonekana kukasirika hata sasa. Alionekana kama mtu mwenye jambo dogo ambalo amekuwa akilitafutia nafasi ya kuliuliza.

"Mwalimu," alisema, "kwenye mtihani niandike lipi?"